Rizevu ya juu hailindi bei ya gari lako

Wiki hii nimeletewa Mercedes 280 SL ya 1969, ile Pagoda, niiuze mnadani, na kabla hata sijafungua boneti mwenye gari kashasema, "weka rizevu juu lisije likaenda kwa bei ya kutupa." Rizevu ni ile bei ya chini kabisa ya muuzaji, dau lisipoifika gari haliuzwi. Jamani, tena?

Bei kaitoa kwenye matangazo. Bei ya tangazo ni ya kuomba, hakuna aliyeilipa bado. Angalia yaliyouzwa mwaka huu, modeli ileile, giaboksi ileile. Na risiti za fundi weka pembeni, mnunuzi analipia gari lilivyo leo.

Sasa rizevu. Mnada unabebwa na watu wawili wanaoling'ang'ania gari moja mwishoni. Kwenye Bring a Trailer, mtandao wa kunadi magari, dau likiingia ndani ya dakika 2 za mwisho saa inarudishwa dakika 2, kwa hiyo hakuna kuvizia, wanapandishana mpaka mmoja achoke. Ila mtu akiona dau limeshafika pale anapojua ndio bei yake na anahisi rizevu bado haijaguswa, moto unamzimikia, anajitoa, mwenzake anabaki hana wa kushindana naye. Halafu gari lisipouzwa lile dau la mwisho linabaki wazi mtandaoni, ukilirudisha baadaye watu wanatafuta namba ya chesisi wanaliona, na kwao bei inaanzia hapo.

Kinacholinda bei ni kuonyesha kila kitu. Nimepitisha kipima unene wa rangi (kiwe kinachosoma aluminiamu pia, maana milango, boneti na buti za Pagoda si chuma), mlangoni kikasoma mikroni 120, 130, fenda ya nyuma kushoto ikaruka 900. Hiyo ni puti, yaani pamejazwa na kupakwa upya. Mwenyewe akataka tunyamaze. Nimepiga picha kipima kikiwa palepale kwenye fenda namba inasomeka, pamoja na chini ya gari kote, na video ya injini ikiwashwa baridi. Mtu aliye mbali ukimficha kona moja anaikadiria kuwa mbovu kuliko ilivyo na anaikata kwenye dau.

Kuuza bila rizevu kabisa nako kunanipa wasiwasi, sitaficha. Gari lenye wanunuzi wachache, mmoja wao akikosekana siku hiyo, limekwenda kwa bei ya kutupa, nimeshuhudia na iliniuma. Hayo nayawekea rizevu, lakini chini kidogo ya mauzo ya kawaida.

Mwenye Pagoda tumebishana siku mbili, jana kakubali kushusha. Picha ya fenda inabaki.