Je, wajua kwa nini Marekani humbana mtumishi wa umma hata baada ya kuacha kazi?

Mtu ameshaaga ofisini, kitambulisho amerudisha. Serikali inamtakia nini tena? Mbona sheria ya Marekani bado inamwambia kampuni ile usiende, na jambo lile usilisemee?

Turudi Orlando, Florida, tarehe 17 Oktoba 2002. Darleen Druyun, ofisa wa ngazi ya juu wa ununuzi katika Jeshi la Anga la Marekani, alikutana faraghani na Michael Sears, mkuu wa fedha wa Boeing. Druyun alikuwa bado kazini, na mezani kwake kulikuwa na mpango wa Boeing hiyohiyo: ndege 100 za kujaza mafuta angani, kwa zaidi ya dola bilioni 20. Lakini siku ile walizungumzia ajira yake, cheo na mshahara. Kesho yake Sears aliwaandikia wakubwa wenzake baruapepe, akakiita kikao kile "kikao kisicho kikao". Jambo la halali halihitaji jina la namna hiyo.

Januari 2003 Druyun akaripoti Boeing, kwa mshahara wa dola 250,000 kwa mwaka. Novemba hiyo wote wawili wakafukuzwa. Mwaka 2004 Druyun akakiri mahakamani kwamba alikubali bei kubwa kuliko aliyoiona inastahili, iwe zawadi ya kuagia kwa mwajiri wake mtarajiwa. Alifungwa miezi 9, Sears miezi 4. Mwaka 2006 Boeing ikakubali kulipa dola milioni 615 kumaliza shauri hilo na jingine.

Tazama madhara yalipotokea: kabla hajahama, akiwa angali analipwa na walipakodi. Ahadi ya kazi ya kesho ndiyo iliyopotosha kalamu ya leo. Kwa hiyo sheria huanza mapema. Ukianza tu kuzungumzia ajira na kampuni, unapaswa kujitoa katika mambo yake yote unayoyashughulikia. Ukishaondoka, kama ulisimamia mkataba unaozidi dola milioni 10, kwa kawaida huruhusiwi kulipwa na mkandarasi huyo kwa mwaka mzima. Maofisa waandamizi nao hukatazwa mwaka mmoja kwenda kuishawishi idara waliyotoka. Na mkataba au kesi uliyoishughulikia kwa mkono wako, huwezi kuisemea mbele ya serikali kwa niaba ya mwingine maisha yako yote.

Kwa nini wasizuie kabisa? Kwa sababu mhandisi au mwanasheria hodari hataingia serikalini akijua kutoka ni marufuku, na serikali inawahitaji watu hao.

Ila katazo hilo la maisha lina upenyo unaonikera. Linamzuia mtu kwenda kuisemea kampuni mbele ya serikali. Halimzuii kukaa nyuma ya pazia akiielekeza kampuni nani wa kumwendea, aambiwe nini, na saa ngapi. Anayejua ofisi kwa miaka 20 hahitaji kuonekana mlangoni.