Damu haisubiri upepo ndipo igande

"Iache ipigwe na upepo, itaganda." Ukienda Wete utayasikia, ukienda Makunduchi utayasikia, kila mbuzi ya kukunia nazi inapomla mtu kidole. Lakini damu huganda hata ndani ya mshipa, ambako upepo haufiki. Ndiyo maana mgonjwa aliyelala kitandani siku nyingi baada ya operesheni anaweza kupata donge mguuni. Kwenye kidonda, kinachoanzisha kazi ni ukuta wa mshipa kuchanika. Mshipa unajibana, chembe sahani, yaani vichembe vidogo vya damu vya kuzibia, zinanasa pale palipochanika na kushikana, kisha protini za kwenye damu zinaamshana moja baada ya nyengine mpaka zifanyike nyuzi za fibrini zinazolikaza donge.

Dhana inayonikera zaidi ni ya unga wa kahawa. Wengine hutia majivu, wengine tumbaku, wengine utando wa buibui. Damu ikisita, sifa inachukua kahawa. Mkato mdogo wa kidole kwa kawaida husita wenyewe ndani ya dakika chache, utie kahawa usitie. Ulichoongeza ni uchafu, na majivu au udongo unaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Halafu ukifika kituo cha afya muuguzi hana budi kuusugua ule unga, na donge lote linatoka nao. Chukua kitambaa safi, gandamiza, na usichungulie! Kila ukifunua unalibandua donge linaloanza kushika. Dakika kumi kwa kutazama saa, si za kukisia. Kitambaa kikilowa, ongeza chengine juu yake.

Kuna na ya jandoni. Mtoto katahiriwa, damu haikati, watu wanasema hasidi kamtia jicho. Huenda ni hemofilia, yaani upungufu wa protini moja ya kugandisha, namba 8 au namba 9. Na hapo inazuka dhana nyengine: kwamba kijana huyo akikwaruzika tu atakauka damu. Hapana. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya mwenziwe, hutoka kwa muda mrefu zaidi. Chembe sahani zake ni nzima, kwa hivyo mkwaruzo unaziba. Cha kuogopa ni damu inayovujia ndani, kwenye magoti, viwiko, au kichwani. Maradhi haya mara nyingi hupitia kwa mama, basi kabla ya kutahiri ulizeni habari za wajomba: yupo aliyewahi kuvuja damu sana? Jibu la "hakuna" nalo lisiwatulize moja kwa moja, maana karibu theluthi ya wagonjwa hawana historia hiyo katika ukoo.

Muhina, yaani kutoka damu puani, kwa ufupi: usimwinamishe mtoto kichwa nyuma. Damu haikati kwa hivyo, inateremkia kooni tu, akiimeza atatapika. Mkalishe, ainame mbele, ahemee mdomoni, umbane pua pale palipo laini dakika 10 hadi 15. Ikipita nusu saa bado inatoka, mpeleke hospitali.