Muacheni mtoto na ule mpira

Jamani wazazi wenzangu, wiki hii imetokea tena na safari hii sinyamazi. Nafanya kazi makumbusho ya watoto huku Marekani, zile ambazo kila kitu kinashikwa. Ikaja familia, Waswahili wenzetu kabisa, nimewasikia tangu mlangoni. Mtoto wa kama miaka sita kasimama pale kwenye mpira unaoelea juu ya hewa inayopulizwa na bomba, baba anamvuta mkono: "Twende bwana, si umeshaona? Hela zote hizi tumelipa uje kuchezea mpira?"

Ndiyo baba, kaja kuchezea mpira, ndo shughuli yenyewe! Makumbusho ya watoto yameanza Brooklyn mwaka 1899, halafu kule Boston kuanzia 1962 mkurugenzi wa makumbusho ya watoto ya huko, Michael Spock, akaanza kuvitoa vitu kwenye kabati za vioo ili watoto wavishike, sasa sisi tunakuja tunawaambia msishike twendeni.

Hebu muangalie vizuri huyo mtoto. Kaweka mpira, umeelea. Kainamisha bomba kidogo, mpira haujaanguka, kacheka. Kainamisha zaidi, ukaanguka. Sasa akirudia mara ya nane wewe unaona ni kitu kilekile, lakini hajarudia, safari hii kainamisha kidogo kuliko ile ya mwisho, anatafuta bomba likiinama kiasi gani ndo mpira unaanguka, na hakuna aliyemfundisha kubadilisha kitu kimoja kimoja. Ukimvuta hapo unamkata katikati ya jaribio.

Na kinachonikera zaidi ni mzazi anayesoma kibao cha maelezo kwa sauti, "hewa ikienda kasi presha inashuka, umeelewa? haya twende." Kwanza hayo maelezo ni nusu tu. Mpira ukisogea pembeni, hewa inapita inauzungukia, inajipinda kuelekea nje, na kwa vile mpira umeisukuma hewa nje, hewa nayo inausukuma mpira kurudi kati. Hiyo unaisikia kwenye kiganja ukiweka mkono pembeni ya mpira, kibao hakikupi. Pili, jibu limekuja kabla mtoto hajawa na swali. Muulize tu "unadhani tukiinamisha zaidi itakuwaje?" halafu nyamaza, tena nyamaza kweli, hata dakika nzima.

Kuona vituo vyote vya kuchezea humu ndani kwa siku moja achaneni nako, vitatu vinatosha.

Sasa niseme ukweli, siwezi kukuthibitishia huyo mtoto kaondoka na nini. Pengine anarudia kwa sababu upepo unamtekenya tu. Na vituo vingine vyetu ni vibovu, unabonyeza kitufe, taa inawaka, mtoto anakimbilia kingine, vile nimevitetea miaka mingi na sidhani nilikuwa sahihi. Ila mtoto akiganda sehemu moja bila kulazimishwa mimi naheshimu.

Huyu wa juzi, mama yake ndo alimuokoa, "baba, muache kidogo". Mtoto akachukua ile risiti ya tiketi mkononi mwa baba yake akaiweka kwenye hewa, ikaruka huko. Akaifuata akaifinyanga ikawa kama kidonge, akairudisha. Ikakaa juu kama sekunde mbili hivi, na baba mtu kashaanza kuchutama.