Kumpakata Mtoto Garini Si Kumlinda: Ninayoyasikia Kliniki Malindi

"Sista, mimi mwanangu simwachi. Nampakata mwenyewe, namshika hivi." Mama anasema huku amemkumbatia mtoto kifuani ili nione jinsi anavyomshika. Maneno haya nimeyasikia kwa akina mama, kwa akina baba wenye magari yao, kwa mabibi wanaolea wajukuu, na juzi nimeyasikia kwa mwalimu wa nasari, mtu niliyemtegemea awafunze wengine. Ndiyo maana naandika. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Malindi, na huwa napita kwenye nasari za Barani, Maweni na Muyeye kuwafunza watoto wa PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya kabla ya darasa la kwanza, jinsi ya kukaa garini. Watoto hawanipi shida. Shida yangu ni watu wazima.

"Nikimpakata yuko salama."

Hayuko salama, na naomba tulimalize jambo hili leo.

Mtoto wa miaka mitatu na nusu au minne ana kilo 15 hivi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria inauruhusu ndani ya mji, mtoto naye anakwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga, linasimama. Mtoto aliye mikononi hasimami. Anaendelea mbele kwa mwendo uleule mpaka akutane na kitu cha kumzuia: dashibodi, kioo, mgongo wa kiti cha mbele au kichwa cha abiria mwingine. Kumzuia asiende kunataka nguvu ya kama mara 20 ya uzito wake, na mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa mtoto wa kilo 15, hizo ni kilo 300 na kuendelea. Yote yanatokea ndani ya kama sehemu ya kumi ya sekunde, kabla ubongo wako haujapata hata habari kwamba mmegonga. Hakuna mama mwenye mikono ya kuzuia kilo 300, wala hakuna atakayewahi kukaza mikono.

Kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Sisi ni watu wa Pwani, tunajua hali ya mgema aliyeteleza kileleni mwa mnazi mrefu. Nani angekubali kuruka kutoka kule na mtoto, kwa kuwa eti atamshikilia vizuri?

Na hapo nimemhesabu mtoto peke yake. Mama mwenyewe kama hakufunga mkanda, naye anatupwa mbele, na aliye mbele yake ni yule mtoto. Mtoto anabanwa kati ya dashibodi na mwili wa mtu wa kilo 70 ambao kwa wakati ule una nguvu ya zaidi ya tani moja. Wengine huniambia wamepata dawa yake: wanapitisha mkanda mmoja, wao na mtoto pamoja. Hii ni mbaya vilevile. Mkanda unashika, mama anasukumwa mbele, na katikati ya mkanda na mama kuna tumbo na kifua cha mtoto. Kumfunga kwa leso mgongoni au kifuani pia hakusaidii garini. Leso ni ya kubebea mtoto ukitembea kwa miguu, haikufumwa kuhimili mgongano.

Halafu kuna matatu. "Mama, pakata mtoto hapo tupate nafasi," anasema makanga, na mama anapakata, kwa sababu akikataa ataambiwa alipe kiti cha pili. Nafahamu nauli ya kutoka hapa mpaka Mombasa si pesa ya kuchezea, na mwenye watoto watatu ana hesabu ngumu. Lakini hiyo ni safari ya kilomita kama 120, kupitia Gede, Matsangoni, Kilifi na Mtwapa, na gari linakwenda 80 kwa saa kama dereva ni mstaarabu. Nguvu ya mgongano haipandi kidogokidogo pamoja na mwendo. Kutoka 50 hadi 80 inapanda zaidi ya mara mbili na nusu. Kanuni za aliyekuwa waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilitaka kila kiti cha matatu kiwe na mkanda. Basi mlipie mtoto kiti, mfunge mkanda wake, ule wa chini upite mapajani na usipande tumboni. Mkanda wa mtu mzima haumtoshi mtoto mdogo, nitalieleza hapo chini, lakini ni bora mara nyingi kuliko mapaja yako. Ukiwa na kiti chake cha gari, kile cha watoto kinachofungwa juu ya kiti cha kawaida, na matatu ina mkanda wa kupita begani, kibebe ukifunge. Makanga atanung'unika. Mwache anung'unike.

Wapo wanaosema ni Watamu tu hapo, au ni kutoka Shela mpaka sokoni, kwa hivyo hakuna haja. Hesabu niliyoifanya ni ya kilomita 50 kwa saa, yaani mwendo wa hapa hapa mjini.

"Ajali ni kudra ya Mwenyezi Mungu, kiti hakizuii."

Kudra naiamini. Lakini kila mtoto wa madrasa hapa Malindi anajua kwamba mwenye ngamia alifunzwa na Mtume amfunge kwanza, kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto, vikitumiwa sawasawa, hupunguza vifo vya watoto wadogo kwenye ajali kwa zaidi ya nusu. Funga, kisha omba dua ya safari.

"Mtoto wa miaka minne haelewi, utamfunza nini?"

Anaelewa kuliko baba yake. Nikienda nasari sihutubii. Nabeba kigari cha mbao, mwanasesere wa kitambaa, ubao na tofali. Ubao nauegemeza kwenye ngazi ya baraza, tofali naliweka chini. Mwanasesere namkalisha kwenye kigari bila kumfunga, naachilia. Kigari kinashuka, kinagonga tofali, mwanasesere anaruka juu ya tofali na kuangukia kichwa mchangani. Watoto wanacheka, wanataka tena. Mara ya pili namfunga kwa kipande cha leso kuukuu. Kigari kinagonga tu kama kwanza, lakini mwanasesere anabaki kitini. Nauliza: huyu mbona hakuanguka? "Amefungwa!" Wanajibu wote pamoja, na yule mdogo kuliko wote anataka kumfunga yeye mwenyewe.

Baada ya hapo naleta kiti chenyewe. Watoto wa umri huu wanashika jambo moja kwa wakati, kwa hivyo nawapa mambo machache kwa mpangilio uleule kila siku: panda, makalio nyuma kabisa, mikono ndani ya mikanda, kisha tusikilize "ta!" ya kifungio. Ile "ta!" wanaipenda sana. Kazi ya mtoto ni kupanda, kukaa, na kusema kwa sauti "Nimefungwa, twende!" Kazi ya kufunga na kukagua ni yako. Mtoto wa miaka mitatu akijifunga mwenyewe, mikanda inabaki imelegea au imejikunja, na hilo halionekani mpaka siku ya kuhitajika. Jaribu kuuminya ukanda wa begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, bado haujakaza.

Jambo ninalowasisitizia wazazi, na wengine huniona mkali, ni hili: kiti kipya kianze kukaa sebuleni, sakafuni, kabla hakijaingia garini. Mtoto akikalie akila mahamri, amfunge mwanasesere wake humo, akizoee kama chake, ukiwa karibu naye. Siku ya kwanza garini, gari liwe limezimwa. Mzazi anayemshangaza mtoto kwa kiti asichokijua, saa ya kukimbilia shule, jua kali, asitegemee kitu ila kilio.

Akilia njiani, usimtoe. Egesha gari, mtulize akiwa amefungwa, mpe maji, kisha muendelee. Ukimtoa mara moja kwa sababu ya kilio, umemfunza kwamba kilio kinafungua mkanda, na kesho atalia zaidi. Na masharti ya kiti yasiwe ya mama peke yake. Nimeona kazi ya mwezi mzima ikiharibika Jumapili moja kwa sababu bibi alisema "mwacheni mwanangu akae kwangu." Bibi naye afunzwe, kwa adabu. Mwambie mjukuu amwonyeshe jinsi ya kufunga. Bibi hatamkatalia mjukuu.

"Mwambie askari atamkamata asipofunga."

Tafadhali acheni hili. Mtoto anamwona baba akivuta mkanda anapokaribia kizuizi cha polisi na kuuachia akishapita. Ukiongeza na maneno yako, anahitimisha kwamba mkanda ni wa askari. Pasipo na askari, hafungi. Watoto wa umri huu huiga wanachokiona kuliko wanachoambiwa, kwa hivyo baba afunge kabla ya kuwasha gari, kila siku. Sababu ya kumpa mtoto ni fupi: mkanda unakushika gari likisimama ghafla.

"Ameshakua, anafunga mkanda kama mkubwa."

Mkanda wa gari ulitengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Mifupa ya nyonga ya mtoto wa miaka minne au mitano bado haijachomoza ya kuushikilia mkanda mahali pake, kwa hivyo unateleza na kupanda tumboni. Kwenye mgongano unakandamiza matumbo, ini na wengu, na uti wa mgongo unajikunja juu yake. Ule wa juu unamkata shingoni, naye anaupitisha nyuma ya mgongo, na hapo ameondoa nusu ya ulinzi wake.

Mtoto wa nasari anatakiwa kwenye kiti chenye mikanda yake mwenyewe mpaka afike mwisho wa kiti hicho, na vingi huishia kilo 18. Kisha anahamia busta, ambayo humwinua ili mkanda wa gari upite mapajani na katikati ya bega. Busta anaendelea nayo mpaka afike karibu sentimita 135, na wengi hufika hapo wakiwa na miaka 9 au 10. Mzazi huniambia "ana miaka minne" nami namuuliza ana kilo ngapi. Fungua kijitabu cha kliniki, kilo zimeandikwa humo, kisha soma kibandiko cha kiti. Umri haukuambii ukubwa wa mtoto.

"Kiti kikifungwa aangalie nyuma ya gari, miguu inabanana."

Ikunje. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa mwili wake na shingo bado changa, na kiti kinachoangalia nyuma hukibeba kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Uswidi huwaacha watoto wakiangalia nyuma hadi karibu miaka minne. Kama kiti chako kinaruhusu kwa kilo zake, usiwe na haraka ya kukigeuza.

"Mbele anaona vizuri na hatapiki." Kiti kinachoangalia nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya eabagi inayofanya kazi, ule mfuko wa hewa wa dashibodini: gari likigonga inafumka kwa nguvu ya kuua mtoto. Hata mtoto wa busta akae nyuma.

"Cha mtumba ni kilekile." Labda, labda sivyo. Kiti kilichowahi kupata ajali kinaweza kuwa na ufa ndani ya plastiki usiouona. Kama muuzaji hajui kilikotoka, kiache. Angalia kibandiko chenye herufi E ndani ya duara na namba R44 au R129, ambazo ni alama za viwango vya usalama vya viti vya watoto, angalia tarehe ya kutengenezwa, vuta mikanda yote uone kama imechanika, funga na kufungua kifungio mara kadhaa. Kiti kisicho na kibandiko wala tarehe, hata kikiwa kipya kama kilitoka dukani jana, mimi singemweka mtoto.

"Joto la Malindi, kile kiti kinamchoma." Hapa wana haki kidogo. Kitandikie leso gari likiwa juani, na ushike chuma cha kifungio kwa mkono wako kabla hujamkalisha. Lakini wale wanaomwacha mtoto kitini "dakika tano tu" wakaingie dukani ndio wananitisha. Ndani ya gari lililofungwa joto hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10, na kufungua kioo kidogo hakubadilishi kitu. Mtoto unashuka naye.

Swali la mwisho ninaloulizwa kila mara ni la tuktuk, kwa kuwa ndizo zinazowapeleka wengi nasari. Tuktuk haina mahali pa kufunga kiti cha mtoto, na kuegemeza kiti humo bila kukifunga ni kuongeza kitu kingine cha kuruka. Mtoto akae katikati, watu wazima pembeni, asikae mbele na dereva, na dereva asipakie watoto wanane ili apunguze safari. Wazazi wa nasari moja mkikubaliana kumlipa dereva safari ya pili, inawezekana. Na kwa mwenye gari la binafsi: ukishafunga kiti, kishike chini pale mkanda unapopita, ukitikise kwa nguvu. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, kifungue, weka goti lako juu yake, kaza mkanda tena.