Mgao wa kikabila kwenye nyumba za serikali: nani ataulipia?

Nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu wa Mukuru, Nairobi, zilikabidhiwa Mei 2025. Tangu hapo, nikikaa na watu wa Eastlands wanaofuatilia miradi hii, maswali kuhusu ukubwa wa vyumba hupita haraka. Swali linalobaki mezani ni moja: waliopata funguo ni akina nani? Kabila halitajwi, lakini kila mtu anaelewa kinachoulizwa. Na wapo wenye nia njema wanaojibu kwamba dawa ipo Singapore: kila jamii iwekewe kiwango chake, mtaa uchanganyike kwa nguvu ya sheria.

Kazi yangu ni uthamini wa nyumba na ardhi. Hofu inayozaa pendekezo hilo naiheshimu. Pendekezo lenyewe nalipinga, na sababu yangu ya kwanza inatokana na bei.

Singapore karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba zilizojengwa na bodi ya serikali, HDB, iliyoundwa mwaka 1960. Wakazi huzinunua kwa mkataba wa miaka 99 na wanaweza kuziuza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliona Wamalay wakikusanyika katika mitaa ya Bedok na Tampines, Wachina nao Hougang, na ghasia za 1964 kati ya jamii hizo mbili zilikuwa bado kwenye kumbukumbu. Mwaka 1989 waziri S. Dhanabalan akatangaza viwango ambavyo kila jamii isivizidi. Leo Wachina hawaruhusiwi kuzidi asilimia 84 ya mtaa na 87 ya jengo. Wamalay 22 na 25. Wahindi na wengineo 12 na 15. Kiwango kikifikiwa, mnunuzi wa jamii hiyo anaweza kununua kutoka kwa muuzaji wa jamii yake tu.

Hapo ndipo mthamini anaposhika kalamu. Chukua Mhindi anayeuza nyumba katika jengo ambalo Wachina wameshafika asilimia 87. Wanunuzi wengi nchini humo ni Wachina, na wote wamefungiwa mlango wake. Jirani yake Mchina, mwenye nyumba ya ukubwa uleule kwenye ghorofa ileile, anaweza kuwauzia hao hao. Siwezi kuziandikia nyumba hizo mbili bei moja, wala mthamini yeyote mwaminifu hawezi. Gharama ya umoja wa taifa imetolewa mfukoni mwa mtu wa jamii ndogo, ambaye sera ilidai kumkinga. Mwaka 2021 kiongozi wa upinzani, Pritam Singh, aliibana serikali bungeni juu ya mzigo huo. Waziri Desmond Lee alikubali kwamba wapo wanaoumia lakini akautetea utaratibu. Kuanzia Machi 2022 HDB ikakubali kuzinunua yenyewe nyumba za baadhi ya wamiliki waliokwama. Nakubali kwamba mitaa yao imechanganyika kweli. Lakini hata kule, kwenye jamii chache na bodi yenye pesa, ilichukua zaidi ya miaka 30 kufikia afueni hiyo.

Kwetu Kenya mlango wa kuingizia kitu kama hicho uko wazi tayari. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ileile inayotukata asilimia 1.5 ya mshahara, inamzuia mwenye nyumba kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Anayetoa idhini anaweza kesho kuambiwa aangalie na kabila la mnunuzi.

Sasa tufanye hesabu. Kipimo tulichonacho ni kile cha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kihamishie kwenye jengo la nyumba 120. Jamii tatu kubwa zikichukua 40 kila moja, jengo limejaa na hakuna sheria iliyovunjwa. Mnubi, Msomali, Mtaita na Mteso wamebaki nje. Ukiamua badala yake kugawa kwa jamii zote zaidi ya 40, utapata nyumba mbili au tatu kwa kila jamii, na mjane aliyeishi Mukuru miaka 20 ataambiwa nafasi ya watu wake imeisha.

Halafu nani ataamua wewe ni nani? Kitambulisho chetu hakina mstari wa kabila. Karani atasoma jina, na jina la baba litamfunika mtoto wa Mkamba na Mluo aliyezaliwa Pumwani.

Nairobi imewahi kupangwa kwa damu. Ripoti ya Profesa William Simpson kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilitaka Wazungu, Wahindi na Waafrika watenganishwe, na ramani ya jiji bado inaonyesha alama zake. Najua wanaotaka mgao leo wanataka kinyume chake, kuchanganya. Wanakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, watu walipofukuzwa vyumbani Mathare na Kibera na wengine kuingia humo.

Lakini tazama ugomvi huo ulikoanzia mara nyingi. Ghasia za Kibera mwaka 2001 zilitokana na kodi: wapangaji, wengi wao Waluo, na wenye nyumba, wengi wao Wanubi, walivutana baada ya wanasiasa kutamka kwamba kodi ishuke. Mgao wa vyumba usingegusa kodi. Na Wanubi, walioletwa hapo na serikali ya kikoloni na kusubiri hadi 2017 kupata hati ya ekari 288, ungewaweka kwenye asilimia gani? Dai lao ni la mahali. Idadi haiwezi kulibeba.

Upendeleo ninaouogopa mimi hutokea mapema kuliko mgao wowote: siku ya kuhesabu wakazi kabla ya mabati kubomolewa. Jina likiachwa siku hiyo, au likiongezwa la mtu asiyeishi pale, mengine yote ni utekelezaji. Kwa hiyo orodha ya wakazi ibandikwe kwa chifu na kwenye tovuti kabla ya tingatinga kufika, ikiwa na muda wa kupinga. Waliohesabiwa wapewe nafasi zao kwanza, bila kuulizwa kwao ni wapi. Zinazobaki zipigiwe kura ya bahati nasibu hadharani. Baadaye Bodi itangaze, kwa kila jengo, waliopata walitoka kata gani na wako kwenye kipato gani. Upendeleo ukiwapo, takwimu hizo zitauonyesha.

Na ile idhini ya kuuza iwekewe kanuni sasa, kabla wamiliki wa kwanza hawajataka kuhama: Bodi ijibu ndani ya muda uliowekwa, sababu za kukataa ziandikwe kwenye kanuni zenyewe, na fomu isiwe na swali la kabila, ukoo wala mahali alipozaliwa mnunuzi.