Kizazi kimeshuka, mgongo unahusikaje? Maswali na majibu kuhusu mkao wa mwili

Nimepimwa nikaambiwa kizazi kimeshuka. Mbona mtaalamu wa fiziotherapia ameanza na mgongo na mbavu zangu?

Kwa sababu hakuna kiungo kinachoshuka kivyake. Kizazi, kibofu cha mkojo na utumbo wa haja kubwa vimeshikiliwa juu na kano zinazoviunganisha na kuta za nyonga, na chini vimebebwa na misuli iliyotandazwa kama machela, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Misuli hiyo ndiyo sakafu ya nyonga. Kujifungua huinyoosha kupita kiasi, na wakati mwingine huichana pale inaposhikana na mfupa. Baadaye kukoma hedhi, kikohozi kisichoisha, choo kigumu na uzito wa mwili huongeza mzigo juu ya kilicholegea. Ndipo mwanamke anapohisi kitu kimejaa ukeni, hasa jioni, na asubuhi akiamka kimepungua. (Tumezoea kusema "kizazi", lakini mara nyingi kinachojitokeza ni kibofu kinachosukuma ukuta wa mbele wa uke.)

Sasa, sakafu hiyo ina wenzake. Juu yake kuna kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mbele na ubavuni kuna misuli ya tumbo, nyuma kuna uti wa mgongo na misuli yake. Ni chumba kimoja kilichofungwa pande zote, na ndani yake kuna shinikizo linalopanda na kushuka kila unapovuta pumzi, unapokohoa, unapocheka au unapoinuka. Ukikibana chumba hicho kwa juu, shinikizo hutafuta upande uliolegea zaidi, na kwako wewe upande huo unajulikana. Mtaalamu wako ameanza mahali panapofaa.

Kwa hiyo nisimame wima kama askari kwenye gwaride?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko mengine yote. Mwanamke akiambiwa "nyooka", hutoa kifua mbele, huvuta tumbo ndani, hubana makalio na kuzuia pumzi. Kwa nje anapendeza. Ndani, shinikizo limeongezeka na sakafu ya nyonga imekazwa hadi haiwezi kufanya kazi.

Wengi wetu tunaifikiria nyonga kama ndoo iliyosimama, viungo vikiwa ndani na tundu likiwa chini kabisa. Haiko hivyo. Mwanamke akisimama sawasawa, mdomo wa nyonga, yaani ukingo wake wa juu, umeinamia mbele kwa takriban digrii 55 hadi 60, kwa hiyo sehemu ya uzito wa matumbo huelekea kwenye mfupa wa kinena na ukuta wa chini wa tumbo badala ya kuangukia moja kwa moja tunduni. Mwanamke akikunja makalio chini na kupoteza kale kabonde ka kiunoni, mdomo ule hulala, na njia ya uzito kwenda chini hufupika.

Jipime hivi. Simama, weka vitako vya viganja kwenye ile mifupa miwili inayochomoza mbele ya nyonga, na ncha za vidole kwenye mfupa wa kinena. Mikono yako imetengeneza pembetatu. Uso wa pembetatu hiyo ukitazama mbele kama kioo cha ukutani, uko karibu na panapotakiwa. Ukitazama juu, umekunja makalio. Ukiinamia sana chini, umezidisha kubinuka. Ni kipimo cha juujuu, maana miili haifanani, lakini kinatosha kukuonyesha umezoea upande gani.

Je, kuna ushahidi, au ni maneno ya walimu wa mazoezi tu?

Upo, ila una mipaka na ni vizuri uijue. Mwaka 2000 zilichapishwa tafiti zilizoonyesha kuwa wanawake wenye viungo vilivyoshuka walikuwa na mbonyeo mdogo wa kiuno, na mdomo wa nyonga uliolala zaidi, kuliko wanawake wasio na tatizo hilo. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba mkao ndio ulioshusha viungo. Vipimo vya umeme wa misuli navyo vimeonyesha kuwa ukikaa wima bila kuegemea, sakafu ya nyonga hufanya kazi zaidi kuliko unapojilegeza kitini.

Tiba ya mazoezi yenye ushahidi mzito zaidi bado ni kubana na kuachia misuli ya sakafu ya nyonga yenyewe, mazoezi yaliyopata umaarufu kupitia maandishi ya daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2019 unapendekeza yafanywe chini ya usimamizi kwa angalau wiki 16 kwa mwanamke mwenye dalili ambaye tatizo lake liko hatua ya kwanza au ya pili, zile za mwanzo kati ya nne. Mkao mzuri haushindani na mazoezi hayo. Unayawekea mazingira. Jaribu kubana misuli hiyo ukiwa umejikunja, kisha ukiwa umekaa wima, utahisi tofauti mwenyewe.

Mbali na huko chini, mwili mzima unapata nini?

Hapa ndipo ninapopapenda, kwa sababu mara nyingi mwanamke huanza kujisikia nafuu sehemu nyingine kabla hajaona badiliko lolote ukeni.

Cha kwanza ni pumzi. Ukijikunja, mbavu za chini hukaribia nyonga na kiwambo hukosa nafasi ya kushuka, kwa hiyo unapumua kwa mabega. Mbavu zikikaa juu ya nyonga, pumzi inashuka hadi kiunoni na mbavu zinatanuka ubavuni. Na sakafu ya nyonga inafuata mwendo uleule: unapovuta hewa inashuka kidogo, unapoitoa inapanda. Hilo ni zoezi jepesi ambalo mwili hulifanya maelfu ya mara kwa siku bila kukuomba ruhusa, mradi hujaubana.

Kisha shingo na mgongo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikitangulia mbele ya kifua, misuli ya shingo na mabega hukibeba kutwa nzima. Kikirudi juu ya mabega, maumivu ya kisogoni na kati ya mabega mara nyingi hupungua. Mwanamke aliyekoma hedhi ana sababu ya ziada, kwa kuwa misuli ya mgongo yenye nguvu humsaidia kukabiliana na kibiongo kinachokuja mifupa inapopungua uzito.

Nyonga na mapaja nayo yamo. Ndani ya nyonga kuna msuli unaoligeuza paja kwenda nje, na sehemu ya sakafu ya nyonga imejishikiza kwenye utando wa msuli huohuo. Ndiyo maana mwanamke anayetembea kwa hatua kamili, akisukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, anaifanyisha kazi sakafu yake bila kubana chochote.

Halafu lipo jambo lisilopimwa kwa rula. Mwanamke anayehisi kitu kinatoka huanza kujikunja ili akifiche, anatembea kwa hatua fupi, anaacha kubeba mtoto, anaacha kutembea kabisa. Misuli inazidi kudhoofika, hofu inaongezeka. Akijifunza kubeba mwili wake upya, anarudia mambo aliyoyaacha. Mimi hulihesabu hilo kuwa faida kubwa kuliko sentimita yoyote ya uvimbe.

Nimezoea kuvuta tumbo ndani siku nzima. Niendelee?

Acha. Tumbo lililobanwa muda wote husukuma shinikizo juu na chini. Liache lipumue.

Nikae vipi, ninyanyue vipi, na chooni je?

Kitini, kalia ile mifupa miwili iliyo chini ya makalio, siyo kifandugu. Miguu ifike chini. Huna haja ya kukaa hivyo kwa muda wa saa nane mfululizo. Kubadilisha mkao kila baada ya muda ni bora kuliko kung'ang'ania mmoja, hata ukiwa mzuri.

Kunyanyua kunaogopwa kupita kiasi. Vipimo vimeonyesha kuwa mizigo kadhaa ambayo wanawake hukatazwa kuibeba haileti shinikizo kubwa kuliko kuinuka tu kutoka kitini, ilhali kikohozi kikali hulipandisha sana. Basi sogeza mzigo karibu na mwili, kunja nyonga na magoti, na utoe pumzi unapouinua. Usizibe pumzi. Kabla ya kukohoa au kupiga chafya, bana sakafu ya nyonga upesi na usijikunje.

Chooni ndipo wengi wanapoharibu kazi ya wiki nzima. Kujikamua kwa nguvu kila siku ni sawa na kuvisukuma viungo hivyo nje kwa mkono. Kama unatumia choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele mgongo ukiwa umenyooka, legeza tumbo na upumue nje taratibu. Choo kigumu kitibiwe kwa maji, vyakula vyenye nyuzinyuzi na, ikibidi, dawa. Mkao hauwezi kulainisha choo.

Uvimbe utarudi ndani kabisa?

Hatua za mwanzo, dalili zinaweza kupungua sana, hata kutoweka. Msuli uliochanika kutoka kwenye mfupa hauunganishwi na mkao, na kiungo kilichokwisha kutoka nje ya uke mara nyingi kitahitaji pete inayowekwa ukeni kukishikilia au upasuaji. Atakayekuahidi kukuponya kwa kukufundisha kusimama tu, mwogope. Lakini hata aliyefanyiwa upasuaji ataendelea kukaa, kukohoa na kubeba vitu, na tatizo linaweza kurudi, kwa hiyo mafunzo haya bado yanamfaa.

Ni lini nisisubiri mazoezi?

Nenda hospitali mara moja ukishindwa kukojoa, ukipata ganzi sehemu za siri, au kilichotoka kikikataa kurudi na kikauma. Damu baada ya kukoma hedhi, kidonda juu ya uvimbe, uchafu wenye harufu au maambukizi ya mkojo yanayojirudia vinahitaji daktari, siyo mazoezi.

Nimewekewa pete. Naweza kufanya haya yote nikiwa nayo?

Ndiyo, na wengi huona ni rahisi zaidi, kwa kuwa pete inashikilia viungo juu wakati misuli inajifunza. Ikiteleza au kukuumiza unapochuchumaa, rudi ubadilishiwe saizi.