Je, wajua kwa nini bomba la mwavuli mbovu hutoboa biri vizuri kuliko wembe mpya?

Biri, ile sigara nene iliyoviringishwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi, kwa kawaida huuzwa ikiwa imezibwa upande mmoja. Upande ulio wazi ni wa kuwashia moto. Ulioziba, yaani kichwa cha biri, ni wa mdomoni, na usipofunguliwa moshi haupiti. Asiye na kikatio cha dukani hukimbilia wembe mpya, akiamini kwamba kitu kikali kuliko vyote nyumbani ndicho kitakachokata vizuri kuliko vyote. Mara nyingi anaishia na kichwa kilichochanika na jani linalomfumukia mdomoni.

Kwanza kile kizibo. Fundi wa biri wa Havana, mji mkuu wa Cuba, hukusanya majani ya ndani, huyafunga kwa jani imara, kisha huzungushia jani la juu, jembamba na laini, kwa mshazari kuanzia chini hadi kichwani. Hapo hulibandika kwa gundi ya mimea isiyo na ladha na kufunika kwa kipande cha mviringo cha jani la aina hiyohiyo. Kipande hicho ndicho kinacholishika jani la juu lisifumuke. Kwa hiyo kazi ya kukata si kuondoa kichwa chote. Kinachotakiwa ni tundu la moshi, huku ukingo wa kizibo ukibaki mahali pake.

Sasa turudi kwa wembe, maana hapa ndipo wengi hupotea. Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa takriban milimita 0.1. Ukali unao, lakini mwili wake hauna uimara. Biri ya saizi ya robusto ina kipenyo cha karibu milimita 20, na ndani yake majani yamekunjwa, mengine yakiwa bado na vishipa vyake. Wembe ukiingia humo hukuta pagumu hapa na palaini pale, ukapinda kufuata penye wepesi. Mkono ukihisi umekwama huongeza nguvu. Kichwa kinabonyea, na jani la juu, ambalo haliwezi kunyooka hivyo, linapasuka. Kukaza mkono hakusaidii, kunaongeza ufa tu. Na wembe uliopinda unaweza kukatika na kumrukia mtu.

La pili ni mwendo. Chukua nyanya iliyoiva sana, uibonyeze kwa kisu wima bila kukivuta: ganda linazama, maji yanachuruzika, na kisu bado hakijaingia. Kivute kisu hichohicho mbele na nyuma, ganda linaachia bila shida. Kisu hakijabadilika. Ukikivuta, makali huzikata nyuzi za ganda kidogo kidogo, sehemu moja ikifuatwa na nyingine, hivyo nguvu ya kushuka inayohitajika inakuwa ndogo na nyama ya chini haina sababu ya kubonyea. Biri nayo ni ngozi iliyokazwa juu ya kitu laini. Tatizo ni kwamba juu ya kichwa chenye upana wa kidole hakuna nafasi ya kuvuta kisu mbele na nyuma.

Bomba la duara huondoa matatizo yote mawili. Ukuta wake uliojifunga hauwezi kupinda kama bati la wembe, na ukilizungusha kati ya vidole, makali yanajivuta yenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, bila kutoka kwenye mstari. Wazo si geni: kile kipande cha kuzibia, mafundi wa biri hukikata kwa kibomba kidogo cha chuma chenye makali mdomoni.

Mwavuli mrefu uliovunjika unafaa kwa sababu mti wake kwa kawaida ni bomba jembamba la chuma lenye upana wa milimita 8 hadi 10. Kata kipande cha sentimita 4 kwa msumeno wa chuma, mbali na ule mwanya wa spring ya kufungulia, kisha sawazisha mdomo kwa tupa. Kwangua rangi yote, osha kwa sabuni na maji ya moto. Moshi wa biri una madhara yake tayari, ikiwemo saratani ya kinywa, hata kwa asiyeuvuta hadi mapafuni. Hakuna sababu ya kuongezea rangi.

Kisha nolea ndani. Wengi hunoa kwa nje kwa kuwa tupa inafika kirahisi, lakini mwinamo wa nje hulisukuma jani kwenda pembeni, na pembeni ndiko kuliko na ukingo tunaotaka ubaki mzima. Mwinamo ukiwa ndani, ukuta wa nje unashuka wima, na kinachobanwa ni kile kipande cha kutupwa. Chonga kijiti kama ncha ya penseli, kizungushie msasa laini, ukiingize mdomoni mwa bomba na kukizungusha hadi ukingo uwe mwembamba. Utahisi kwa ukucha kiuzi cha chuma kimejikunjia nje. Kiondoe kwa kusugua ubavu wa bomba, si mdomo, juu ya jiwe la kunolea lenye maji.

Usilichome moto na kulizamisha majini ukidhani litakuwa gumu. Mabomba haya huwa ya chuma chenye kaboni kidogo, ambacho hakikomai kwa njia hiyo, na mengine yamepakwa zinki inayotoa mvuke wa sumu ikiungua. Makali yatafifia, basi noa tena.

Wakati wa kutoboa, lenga katikati ya kichwa, zungusha ukibana kidogo, na simama mara kizibo kinapotoboka. Milimita 3 au 4 zinatosha. Kwa biri nyembamba ya milimita 16, chagua bomba la 8. Zile zilizochongoka kichwani haziwezi kutobolewa hivi, kwa sababu ncha yake ni nyembamba kuliko bomba lenyewe. Hizo zinahitaji kisu chenye bati nene na makali mazuri, kikivutwa taratibu juu ya ubao.